Bilioni 8.5 za Texas, na shule isiyo na mkutubi

SWALI: Ninaishi Houston, nina watoto watatu, wote shule ya umma. Mwaka 2025 tulisikia Bunge la Texas limepitisha dola bilioni 8.5 za kuongeza fedha za shule. Tukafurahi. Lakini shule ya wanangu imebaki bila mkutubi, basi halifiki tena mtaani kwetu, na kila tukiuliza tunaambiwa hela hakuna. Jirani yangu ni mwalimu, yeye amepandishiwa mshahara. Mume wangu anasema kodi ya nyumba, ile ya serikali, si ya pango, imepanda, kwa hiyo shule zina pesa, zinaliwa tu. Nani mkweli hapa?

JIBU: Dada yangu, nianze na shemeji, maana hilo la kodi ndilo linaloleta ubishi kwenye kila meza ya Waswahili hapa Texas.

Kodi ya nyumba yenu inaweza kupanda miaka mitatu mfululizo na shule ya wanao isipate karibu chochote cha ziada, wala hakuna aliyeiba. Chukua pishi, ile ya kupimia mchele. Sheria ya jimbo ndiyo inayopanga pishi ya wilaya yenu ya shule iwe kubwa kiasi gani: wanahesabiwa watoto, kila kichwa kinapewa kiasi fulani cha dola, na wale wenye mahitaji zaidi wanaongezewa. Pishi hiyo inajazwa kwanza kwa kodi ya nyumba na majengo ya wilaya. Isipojaa, jimbo linajazia. Ikifurika, kinachomwagika hakibaki kwenu, kinachukuliwa na jimbo. Sasa nyumba za mtaa wenu zikipanda bei, kodi inaingia nyingi zaidi, lakini pishi ni ileile. Kinachopungua ni kile ambacho Austin, yaani serikali ya jimbo, ingetoa mfukoni mwake. Kuna senti chache za kodi za juu ya kiwango cha kawaida ambazo wilaya huruhusiwa kubaki nazo, nimeziruka makusudi, hazibadilishi picha.

Huko kuchukuliwa kinachofurika Watexas hukuita "Robin Hood", yule wa hadithi aliyewapora matajiri akawapa maskini, na kulianza mwaka 1993. Wilaya kubwa ya Houston yenyewe, pamoja na umaskini wa watoto wake wengi, kwa hesabu ya majengo ya katikati ya jiji inaonekana tajiri. Novemba 2016 wapiga kura wake walikataa kulipa. Mei 2017 wakaulizwa tena, wakakubali, kwa sababu wasingelipa, jimbo lilikuwa tayari kuyahamisha baadhi ya majengo ya kibiashara na kuyaingiza kwenye hesabu ya wilaya nyingine. Kwa hiyo ukimwona mtu wa Houston anakunja uso akisikia neno "kodi ya shule", ana sababu yake.

Na kwa nini jambo hili ni la Austin, si la Washington? Hapo wazazi wana historia yao. Mwaka 1968 wazazi wa mtaa wa Edgewood, San Antonio, wengi wao wenye asili ya Mexico, walifungua kesi. Mmoja wao ni Demetrio Rodriguez, na jina lake ndilo lililobaki kwenye kesi. Shule zao zilikuwa mbovu, na kodi waliyokuwa wakitozwa kwa kila dola ya thamani ya nyumba ilikuwa juu kuliko ya wilaya tajiri za jirani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema katiba ya taifa haitambui elimu kuwa haki ya msingi. Wakarudi kwa mlango wa katiba ya Texas, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya jimbo ikawapa ushindi kwa kauli moja. Tangu hapo fedha za shule ni kamba inayovutwa kati ya mahakama, bunge na walipa kodi wa jimbo lenyewe. Serikali ya taifa huongezea kidogo tu.

Sasa hizo bilioni 8.5.

Sheria yenyewe inaitwa HB 2, kifupi cha "House Bill 2". Gavana Greg Abbott aliitia saini tarehe 4 Juni 2025. Jambo la kwanza ambalo vichwa vya habari havikulitilia mkazo: hizo ni za miaka miwili, kwa sababu Bunge la Texas hupanga bajeti ya miaka miwili kwa mpigo. Gawa kwa mbili, kisha gawa kwa watoto milioni 5.5 wa shule za umma, unapata kama dola 770 kwa mtoto kwa mwaka. Si haba. Lakini jambo la pili ndilo zito: karibu kila dola iliondoka Austin ikiwa imeshaandikwa jina.

Takriban bilioni 4.2 ni nyongeza za mishahara. Katika wilaya yenye wanafunzi zaidi ya 5,000, mwalimu wa darasani mwenye uzoefu wa miaka mitatu au minne anapata dola 2,500 zaidi, na mwenye miaka mitano kwenda juu anapata 5,000. Katika wilaya ndogo ni 4,000 na 8,000. Jirani yako yumo humo, na mwalimu mkuu hawezi kuichukua pesa ile akaifanya ya basi hata kama angetaka. Kila wilaya pia hupewa kiasi cha dola 106 kwa mwanafunzi kwa mambo yasiyokwepeka kama umeme, bima, usafiri na michango ya pensheni. Kuna milioni 850 za elimu maalumu na milioni 430 za usalama wa shule. Mkutubi, muuguzi, mshauri wa wanafunzi, dereva, mpishi, mfagizi, wote hao wametengewa fungu la dola 45 kwa mwanafunzi, wagawane. Soma tena hiyo: dola 45, na foleni ya watu wote hao.

Kilichobaki huru, yaani pesa ambayo wilaya inaweza kuamua yenyewe, ni nyongeza ya ule mgao wa kila kichwa, yaani mgao wa msingi. Kwa waliotoka Tanzania, ni binamu wa ile ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mgao wa Texas ulikuwa dola 6,160 tangu mwaka 2019. HB 2 imeupandisha hadi 6,215.

Dola hamsini na tano.

Tangu 2019 bei za vitu hapa Marekani zimepanda kama robo. Ili 6,160 ya wakati ule iwe na nguvu ileile, leo ingepaswa kuzidi 7,500. Juu ya hilo, zile fedha za dharura za korona ambazo serikali ya taifa ilizimwaga mashuleni, karibu dola bilioni 190 nchi nzima, ziliishiwa muda Septemba 2024. Wilaya nyingi zilikuwa zimewalipa wakutubi na walimu wa ziada kwa pesa hizo, jambo ambalo kila mhasibu alijua litakuja kuuma. Miaka sita ya mgao uleule, fedha za dharura zimekatika, halafu 55. Mwalimu mkuu wenu anaposema hela hakuna, hakudanganyi. Na jirani yako anaposema nyongeza imekuja, naye hadanganyi.

Ilikuwaje ikachukua miaka sita? Mwaka 2023 jimbo lilikuwa na ziada ya karibu dola bilioni 33, ila gavana alifunga fedha za shule pamoja na vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto shule binafsi. Novemba ile wabunge 21 wa Republican, chama cha gavana mwenyewe, wengi kutoka vijijini ambako shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa wa mji, walijiunga na Democrats wakazing'oa vocha kwenye muswada kwa kura 84 kwa 63. Muswada wote ukafa, na ule mgao wa kila kichwa ukabaki palepale. Mwaka 2024 gavana akawaandama wabunge hao kwenye kura za mchujo, kadhaa wakaanguka. Mwaka 2025 vocha zikapita katika sheria yake yenyewe, dola bilioni 1, mwezi mmoja kabla ya HB 2 kusainiwa. Sitazama kwenye vocha leo. Jua tu kwamba haichukui senti moja kwa moja kutoka bajeti ya wilaya yenu, ila mtoto akiondoka, kichwa chake kinaondoka kwenye pishi.

Na hapa kwenye kichwa ndipo ningependa tukae, kwa sababu ndipo unapoweza kushika kitu kwa mkono wako.

Texas hailipi kwa mtoto aliyeandikishwa. Inalipa kwa mtoto aliyehudhuria. Majimbo mengi hayafanyi hivi. Kila siku, saa maalumu iliyopangwa na wilaya, mara nyingi saa tatu na kitu asubuhi, mwalimu anafungua kompyuta na kuweka alama: yupo, hayupo. Ni kama picha inapigwa mara moja tu kwa siku. Mwaka ukiisha, siku alizokuwepo zinagawanywa kwa siku za masomo, na jibu ndilo linalozidishwa kwa 6,215. Mwaka wenye siku 170, siku moja ya mtoto mmoja ni dola 36 hivi, kabla ya nyongeza zozote.

Chukua shule ya watoto 700 ambayo kwa wastani asilimia 92 wanafika. Nyongeza ya dola 55 inaiingizia wilaya 35,420 kwa shule hiyo. Haifiki mshahara wa mtu mmoja. Sasa mahudhurio yapande kutoka asilimia 92 hadi 93, yaani watoto saba zaidi kwa siku. Saba mara 6,215 ni 43,505. Asilimia moja ya viti visivyokaa vitupu imeipita nyongeza yote ya mgao wa msingi ambayo bunge lilivutana juu yake miaka sita. Na gharama hazibadiliki: taa zinawaka vilevile kwa watoto 644 na kwa 651.

Sisemi wazazi ndio wa kulaumiwa, kwani mtoto mgonjwa akae nyumbani. Ninachosema ni kwamba kuna siku nyingi ambazo mtoto hakuhudhuria lakini sheria ingemhesabu yupo, kama karatasi ingeletwa. Akienda kwa daktari au daktari wa meno, akafika shuleni siku hiyohiyo, kabla au baada, na cheti cha daktari kikaletwa, anahesabiwa yupo. Idi na sikukuu nyingine za dini, pamoja na siku ya safari ya kwenda na kurudi, zinahesabiwa pia, mradi umeiandikia shule na akamalizia kazi alizokosa. Na hii wengi wetu hawaijui kabisa: siku mtoto anapokwenda ofisi ya serikali kukamilisha karatasi za maombi yake ya uraia wa Marekani, au kuhudhuria sherehe ya kiapo cha uraia, ni siku iliyoruhusiwa na inahesabiwa. Nimeona familia zikipigwa picha na bendera ndogo mkononi, nguo zimepigwa pasi, halafu shuleni mtoto ameandikwa mtoro, kwa kuwa hakuna aliyewaambia walete ile karatasi ya mwaliko.

Jambo la pili la kichwa ni fomu.

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya bajeti ya wilaya moja hapa Texas, na kila Agosti tulikuwa tunatumwa kusaidia uandikishaji. Meza za kukunja kwenye ukumbi wa chakula, kalamu zimefungwa kwa uzi, foleni hadi mlangoni. Mwaka mmoja alikuja baba mmoja, Mkongomani, amevaa fulana ya kazi ya ghala, na binti yake wa miaka kama sita. Wanaongea Kiswahili cha Bukavu, mtoto anamwuliza mbona kule kwenye friji kuna maziwa ya rangi. Baba anacheka, anamjibu, na huku mkono wake unajaza fomu. Penye swali la lugha inayotumika zaidi nyumbani akaandika: English. Penye lugha anayoitumia mtoto zaidi: English.

Nikamsogelea, nikamwamkia kwa Kiswahili. Akashtuka, akacheka. Nikamwuliza mbona. Akanijibu polepole, kama mtu aliyeshaliwaza jambo hili usiku mwingi: "Ndugu, nikiandika Swahili watamuweka kwa watoto wenye hawajui."

Ninaielewa hofu ile. Lakini jibu lile lina bei. Mtoto ambaye fomu inasema nyumbani kwao kunatumika lugha nyingine anapimwa Kiingereza chake. Akikutwa anahitaji msaada, na mzazi akikubali, anaingia kwenye mpango wa lugha, na wilaya inaongezewa asilimia 10 ya mgao wa msingi kwa ajili yake, yaani dola mia sita na ushee kwa mwaka. Pesa hizo ndizo zinazomlipa mwalimu wa kumkalisha pembeni na kumfundisha kusoma. Akikutwa Kiingereza anakimudu, haingizwi popote, anaendelea na darasa lake. Baba akiandika English, kipimo hakifanyiki, pesa haiji, na mtoto anakaa kwenye darasa lilelile akifuata nusu ya maneno. Sikumwambia abadilishe. Nilimweleza, akaomba fomu nyingine. Mpaka leo sijui bintiye aliishia mpango upi, ila nakumbuka aliandika Swahili kwa herufi kubwa zote.

Fomu ya pili ni ile ya kipato. Shule nyingi za maeneo yetu siku hizi zinalisha watoto wote bure, kwa hiyo mzazi anaiona fomu ya kipato anasema ya nini, chakula si bure? Kule kwenye bajeti, fomu ile ndiyo inayosema mtoto wako anastahili fungu la familia za kipato kidogo. Sheria ya 2019 iliweka fungu hilo kati ya asilimia 22.5 na 27.5 ya mgao wa msingi, kutegemea mtaa unaoishi. Piga hesabu, ni dola elfu moja na mia kadhaa kwa mtoto mmoja. Wewe una watatu. Karatasi tatu zilizobaki chini ya begi, na wilaya imekosa zaidi ya dola 4,000.

Na kwa wale wanaoogopa fomu kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji: tangu kesi ya Plyler ya mwaka 1982, iliyoanzia Tyler, hapahapa Texas, mtoto ana haki ya kusoma shule ya umma bila kujali hadhi yake. Fomu ya lugha na ya kipato haziulizi hadhi hiyo.

Ukishafanya hayo yote, mkutubi atarudi? Hapana, si kwa hakika. Pesa ya vichwa haiendi moja kwa moja shuleni kwenu, inaingia wilayani, na wilaya ndiyo inayoamua basi lipite wapi na maktaba ipi ifungwe. Kwa wilaya za kawaida wanaoamua ni bodi iliyochaguliwa na wananchi. Wilaya ya jiji la Houston, ile kubwa, jimbo liliichukua mwaka 2023 likaweka bodi yake lenyewe. Lakini pande za kusini-magharibi ya jiji zimegawanyika kati ya wilaya kadhaa, kwa hiyo angalia kwanza kwenye karatasi ya shule mko wilaya ipi.

Mwaka wa fedha wa wilaya za Texas unaanza Julai 1 au Septemba 1. Maana yake mkutano wa hadhara wa bajeti ni Juni au Agosti, na mazungumzo ya kweli, yale ya nani akatwe, yanafanyika Machi na Aprili wakati mikataba ya wafanyakazi inapangwa. Ukienda Agosti kulilia mkutubi umeenda mazishini. Nenda masika, na ukiinuka usiseme "shule zinahitaji pesa", watakubaliana nawe wote na hakuna kitakachofanyika. Uliza ile dola 45 ya wafanyakazi wasaidizi imetumikaje kwenye shule yenu. Uliza mahudhurio ya shule ni asilimia ngapi, na basi lilipoondolewa yalishuka kwa kiasi gani. Hilo la mwisho litawafanya wakutazame, kwa sababu basi likiondolewa ili kuokoa fedha, halafu watoto ishirini wa mtaa wenu wakaanza kukosa siku za mvua, huenda akiba imeliwa na viti vitupu, na wahasibu wao wanalijua hilo.

Huhitaji kuwa raia wala mpiga kura ili kuzungumza mbele ya bodi. Kura inahitajika bodi inapotaka kupandisha kodi kupita kiwango cha sheria, hapo wanaamua wapiga kura. Kikao cha kawaida cha Bunge kinachofuata ile ya 2025 ni Januari 2027. Mbunge wa eneo lako wa Austin, si wa Washington, ndiye wa kupigiwa simu kabla ya hapo kuhusu hizo 55.

Na Kiingereza kisikuzuie. Kila mzungumzaji hupewa dakika chache, mara nyingi tatu. Sheria ya mikutano ya wazi ya Texas inasema anayezungumza kupitia mkalimani, pale ambapo hakuna vifaa vya kutafsiri papo kwa papo, apewe angalau mara mbili ya muda huo. Jiandikishe mapema, andika kwamba utazungumza Kiswahili, na umchukue jirani yako mwalimu akutafsirie.